Harufu Niliyoinusa Nikanyamaza

Mlimani mimi ni mpishi. Nilianza kama mgumu, ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi wa Kilimanjaro, nikabeba mizigo miaka mitatu kabla sijakabidhiwa jiko. Kwa hiyo haya nayasimulia kama mtu wa moto na maji. Mambo ya gari nimekuja kuyaelewa baadaye, tena kwa kupitia sufuria.

Ilikuwa Oktoba, safari ya siku 7 kwa njia ya Machame. Wageni walikuwa 5, sisi tulikuwa 21: viongozi watatu, mimi, na wagumu 17. Wageni wote walifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na wote walishuka kwa miguu yao wenyewe. Safari ya namna hiyo huwa haiji kwa bahati. Kila jioni kiongozi mkuu aliingia hema la chakula na kile kipimo cha kubana kidoleni, akaandika oksijeni na mapigo ya moyo ya kila mmoja, na asubuhi akarudia. Aliyekohoa aliulizwa. Aliyechelewa kujibu aliulizwa mara mbili. Mimi nami, sahani zikirudi jikoni, nilikuwa nazipitisha kwanza machoni pa kiongozi ili aone nani kabakiza supu, kwa maana mlimani hamu ya kula ikikatika ghafla, mara nyingi mwili umeshaanza kushindwa. Nikiona sahani imerudi kama ilivyokwenda, sisubiri kuulizwa. Nasema.

Naanza na hilo kwa sababu siku ya saba, tukiwa tumeshatoka mlimani, niliona dalili nyingine iliyo wazi kuliko sahani ya supu, na sikusema.

Asubuhi hiyo tulitoka kambi ya Mweka mapema. Kutoka pale hadi getini ni kushuka kwenye msitu, mizizi na utelezi, magoti yanalia, lakini hakuna anayelalamika kwa kuwa kila hatua ni hewa zaidi na joto zaidi. Getini tukaimba, wageni wakapewa vyeti vyao, bahasha ya tipu ikasomwa hadharani kama inavyotakiwa, kila mmoja akajua fungu lake. Wageni wakaingia kwenye gari lao, wakaondoka. Sisi tukabaki kupakia Coaster.

Hapa kuna jambo huwa linaniuma. Siku ya kwanza, kwenye geti la Machame, kila mzigo wa mgumu unapandishwa kwenye mizani. Kilo 20, basi. Ukizidi unapunguzwa mbele ya macho yako. Utaratibu huo umeokoa migongo mingi, na sisi wa zamani tunaokumbuka vijana wakipandishwa na furushi lisilo na kipimo tunaushukuru. Lakini siku ya kurudi, juu ya keria ya lile basi hakuna aliyepima chochote. Yalipanda mahema yetu, meza, viti, choo cha kubebeka, magunia ya taka. Kisha ikaja simu kutoka ofisini kwamba kuna kundi jingine limeshuka jana yake na vifaa vyao bado viko getini, navyo tuvichukue ili gari lisipande mara mbili. Tukavichukua. Keria ikajaa hadi kamba zikawa fupi. Sanduku langu la jikoni, lenye sufuria zote na presha kuka, likakosa nafasi juu. Nikaliingiza ndani, nikaliweka kwenye ule uwazi wa katikati ya viti, karibu na mlango wa nyuma. Sikulifunga na kitu.

Dereva hakuwa yule tuliyemzoea. Mzee wetu alikuwa amefiwa, amekwenda Rombo kwenye mazishi. Aliyekuja badala yake alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye uzoefu mrefu wa barabara za tambarare, Singida na Dodoma huko. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ametumwa uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni wengine, na akatuambia hakulala zaidi ya saa mbili. Alituambia mwenyewe, huku akinawa uso kwa maji ya chupa. Tukampa pole. Watu 21 tulimpa pole, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anaweza kuendesha.

Barabara ya kutoka geti la Mweka hadi Moshi mjini ni ya lami, na asiyeijua anaweza kuidharau. Geti liko kwenye mita 1,640 hivi, mji uko kwenye 900 au pungufu, na mteremko huo wote unamalizwa ndani ya kilomita zisizofika 20. Hakuna mahali gari linapumzika. Linashuka, linakata kona, linashuka tena, na kwa sababu huku na huku ni migomba na kahawa huoni umbali wa mteremko ulio mbele yako. Tena barabara hiyo ina watu. Akina mama wanapandisha majani ya ng'ombe kichwani, bodaboda zinapanda na abiria wawili wawili, watoto wa shule wanatembea pembeni wakirusharushiana mifuko.

Tuliondoka saa saba na nusu mchana. Wagumu waliimba. Mimi nilikaa nyuma ya dereva, upande wa dirisha, dirisha likiwa wazi. Nilimwona anashuka na gia ya nne, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki muda wote, hauachii. Wakati ule sikujua kwamba hilo ni kosa. Niliona tu kwamba mzee wetu huwa hakai hivyo. Yeye akifika pale juu kabla mteremko haujaanza huingiza gia ya pili, injini inaanza kunguruma kwa sauti ya kukera, na safari nzima tunamlalamikia kwamba tutafika usiku.

Baada ya kona kama ya nne nikasikia harufu. Mpishi anaishi kwa pua. Najua vitunguu vimebakiza nusu dakika kuungua bila kufunua sufuria. Harufu ile ilikuwa kali, kama kwato la ng'ombe linalochomwa, na ndani yake kulikuwa na kitu kama raba. Kwanza nikageuka kuangalia mitungi ya gesi. Haikuwa gesi. Nikadhani kuna mtu anachoma taka shambani. Tukapita shamba lile, tukapita jingine, harufu ikawa bado tuko nayo, tena imeongezeka. Hapo nikajua inatoka kwetu.

Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Nimejiuliza sana kwa nini. Dereva alikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Alikuwa mgeni miongoni mwetu, na kumsahihisha mtu kazi yake mbele za watu ni kumvunjia heshima. Vijana walikuwa wanaimba na mimi sikutaka kuwa yule anayekatiza wimbo. Nilikuwa nimechoka, nimekumbuka nyumbani, maji ya moto, kitanda. Nikajiambia yeye ndiye anayelijua gari lake. Sababu zote hizo ni za kweli na zote nikiziweka pamoja hazijazi kijiko.

Kona iliyofuata niliona goti lake likishuka ghafla hadi mwisho, kama mtu aliyekanyaga tope akidhani ni jiwe. Akainua mguu, akakanyaga tena. Akapampu mara tatu, nne. Pedeli ilikuwa inakwenda chini kama haijafungwa na chochote. Akashika kirungu cha gia, akatoa nne atafute tatu, gia ikalia kama kokoto kwenye kinu na ikakataa kuingia. Kwa hiyo sasa gari halikuwa na breki na halikuwa na gia. Hapo ndipo lilipopata mbio. Akavuta handbreki mpaka juu. Gari likatikisika kidogo, kisha likaendelea kama halijaambiwa kitu.

“Shikeni! Breki hakuna!”

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Akaanza kupiga honi bila kuachia. Nakumbuka mama mmoja akitupa mzigo wake wa majani na kuruka mtaroni. Bodaboda iliyokuwa inapanda iliingia kwenye kichochoro cha nyumba ya watu. Kulia kwetu kulikuwa na bonde, na chini yake paa za nyumba. Kushoto kulikuwa na gema la udongo mwekundu, limekatwa wima barabara ilipochongwa. Mbele, kama mita 200, niliona sare za shule.

Yule baba, pamoja na uchovu wake wote, alifanya jambo ambalo mpaka leo nalisimulia kwa heshima. Alilisukuma gari kwenye gema. Hakulipiga uso kwa uso, alilisugua kwa ubavu, kidogo kidogo, tairi la kushoto likiwa mtaroni. Vioo vya upande wote ule vilivunjika. Kioo cha pembeni kiling'oka kikaingia ndani. Udongo ulimwagika mapajani mwetu. Kasi ikapungua, haikuisha. Gema lilipokwisha kulikuwa na kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani, kimezungushiwa uzio wa masale. Akakata usukani, tukavunja masale, tukaingia kwenye migomba.

Mgomba ni maji matupu. Unavunjika kwa mlio wa kitu kibichi, pwaa, na kila mmoja unapovunjika unakula kasi kidogo. Nilihesabu baadaye, ilikuwa 11, na mibuni mitatu. Tulisimama kwenye shina la mgrivilea, kioo cha mbele kikiwa kimejaa majani. Tangu pedeli ilipozama hadi hapo, kwa kukadiria kwangu, haikufika dakika moja.

Kimya. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kulia, na huyo alikuwa amejeruhiwa na sanduku langu.

Gari liliposimama ghafla, lile sanduku halikusimama. Lilipita katikati ya viti kuanzia nyuma, likamkuta kijana mdogo kuliko wote katika timu, safari yake ya pili mlimani. Alikuwa ameinama kujikinga uso. Lilimpiga begani na kumvunja mfupa wa mtulinga. Angekuwa amekaa wima lingempata kichwani. Presha kuka ya lita 10 ilikuwa imetoka nje ya sanduku na kulala miguuni pake, mfuniko umepinda.

Kwa mtu wa kazi nyingine mtulinga ni mfupa tu. Kwa mgumu, mtulinga ndio kazi. Hapo ndipo unapokaa mkanda wa begi, na shingo inayobeba furushi inaegemea hapo.

Nilikwenda kwenye mitungi kabla sijamfikia, na hilo silijutii, kwa kuwa mpira wa mmoja ulikuwa umechomoka na gesi inavuja. Nikafunga mitungi yote, nikapaza sauti mtu yeyote asiwashe kitu, watu watoke na wasogee mbali. Viongozi wakafanya waliyofundishwa. Waliwahesabu watu, wakamuuliza kila mmoja jina lake na mahali tulipo, wakaangalia shingo na migongo. Mkono wa kijana ulifungwa kifuani kwa kanga aliyoitoa jirani. Wengine walikuwa na michubuko na kukatwa na vioo. Dereva alikuwa amejigonga paji la uso, damu inamtiririka, na alikuwa amesimama kando ya tairi la nyuma analiangalia. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka ndani ya ringi.

Mwenye kihamba alikuwa bibi mtu mzima sana. Alitoka na fimbo, akapita juu ya migomba yake iliyolala bila kuitazama, akasimama mbele yetu akauliza, “Mmepona wote?” Alisubiri jibu. Alipoambiwa wote tu hai, ndipo akageuka kuangalia mashamba yake, akashika kiuno.

Majirani walikuja na maji, na mmoja akatoa gari lake kumkimbiza kijana hospitali.

*

Siku ya tatu nilikwenda gereji walikolivutia gari. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kujua ile harufu ilikuwa ya nini.

Fundi alikuwa ameshafungua tairi za nyuma. Akanionyesha breki shuu: uso wake ulikuwa unang'aa kama kigae, umepasuka mistari. “Hii ndiyo uliyoinusa,” akasema. Breki iliyokanyagwa bila kuachiwa inapata joto, shuu zinaungua juu, zinakuwa kama kioo, hazishiki tena. Halafu akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kijiti, akanionyesha. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala.

“Wewe ni mpishi,” akaniambia. “Maji ya kambi ya Barafu yanachemka kwa joto gani?”

Hilo nalijua. Barafu ni mita 4,673, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Ndiyo maana ukiweka maharage kwenye sufuria ya kawaida pale juu utachemsha mpaka gesi iishe na bado yatagonga meno. Ndiyo maana tunapanda na presha kuka.

Basi akanieleza. Mafuta ya breki yanatakiwa yasichemke hata kwenye joto kali sana. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvuka nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa. Yakishanyonya maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Breki za gari lililojaa, kwenye mteremko kama ule, zinalipita joto hilo bila shida. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu wa dereva unabonyeza mvuke badala ya kusukuma breki. Pedeli inakwenda hadi chini.

“Yanabadilishwa baada ya muda gani?” nikauliza.

“Wengi tunashauri miaka miwili. Haya yana miaka mingapi sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia niyabadilishe kwenye gari hili.”

Nilisimama pale nikiwa na kitu kama aibu. Miaka yangu yote kazi yangu imekuwa kujua maji yanachemka lini. Nilikuwa nimekaa mita moja nyuma ya mguu wa dereva, maji yanachemka ndani ya mipira ya breki, na pua yangu ikaniambia.

Nyumbani nilimsimulia kijana wangu, anasoma sekondari na anapenda fizikia. Akachukua daftari akapiga hesabu. Gari la tani 5 na nusu kushuka mita 700 ni joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji baridi. Joto hilo halipotei, baba, akaniambia, lazima liende mahali. Dereva akishuka na gia nzito, kama ya pili, sehemu kubwa inaliwa na injini na kutokea kwenye rejeta. Akiweka gia nyepesi, kama ya nne, karibu lote linaingia kwenye breki nne. Nilipoona ile namba, lita 100, niliona masufuria. Kundi letu lote, wageni na wagumu, chai na supu na maji ya kunawa, siku nzima halifikishi hapo.

Ndiyo maana mzee wetu huwa anasema gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Nilikuwa nalisikia kama neno la wazee tu. Na inaingizwa juu, kabla mteremko haujaanza. Ukiitafuta katikati gari likiwa limeshapata kasi inaweza kukataa, kama ilivyokataa ile. Breki unakanyaga kwa nguvu, muda mfupi, gari likipungua unaachia, ipate kupoa. Ukinusa, unasimama. Unasimama mahali tambarare, unaweka jiwe kwenye tairi, unasubiri hata nusu saa au zaidi, na humwagii maji ya ndoo kwenye ringi, maana chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinaweza kupasuka. Sufuria ya chuma huwa hivyo hivyo.

*

Kwa Bibi tulikwenda Jumapili. Sisi Wachaga tuna masale. Ni mmea mrefu wa majani ya kijani, tunaupanda mpakani mwa vihamba, na mtu akikosa na kutaka msamaha anapeleka jani lake. Anayeletewa sale si rahisi akatae. Na sisi tulikuwa tumevunja masale yake yenyewe. Mzee wetu, yule dereva aliyekuwa amerudi kutoka msibani, ndiye aliyetutangulia, akalishika jani kwa mikono miwili.

“Shikamoo, Bibi. Tumekuja kwa lile la Alhamisi.”

Bibi alilipokea, akaliweka mapajani, akaanza kutuonyesha alipopanda mume wake ile mibuni, mwaka gani hakumbuki, ila mtoto wao wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Hakulia. Alitaka tujue. Tukakaa, tukasikiliza mpaka alipomaliza. Fedha ya ofisi ya kumlipa migomba ilichelewa sana, ikawa kesho, keshokutwa, hadi mwenyekiti wa kitongoji alipoingilia. Katikati hapo sisi tulichanga kwenye tipu tukampelekea kidogo, na siku mbili vijana walikwenda kumkatia ile migomba iliyoanguka na kurudishia mpaka.

Dereva wa siku ile alifukuzwa. Sikubaliani na hilo hadi leo. Aliyemtuma KIA usiku bado yuko ofisini, na aliyeacha mafuta ya breki yakawa meusi vilevile.

Kwa kijana nilikwenda peke yangu. Yeye ni wa Karatu, Mwiraki, nilipompa jani akaligeuzageuza.

“Hili la nini, kaka?”

Nikamweleza. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa mambo mawili. Sanduku lilikuwa langu na sikulifunga. Na harufu niliinusa, kabla breki hazijakatika.

Akanyamaza muda mrefu. Mkono bado ulikuwa kwenye kitambaa shingoni.

“Kwa hiyo ulijua.”

“Nilinusa. Nikajua kuna kitu kinaungua kwetu.”

“Mimi pia nilinusa,” akasema. “Nikasema mpishi yuko pale mbele, angekuwa ni kitu kibaya angeshasema.”

Sikuwa na jibu, na sikujaribu kulitafuta. Alikaa miezi mitano bila kupanda. Alipopanda tena alianza kama msaidizi wangu jikoni, hadi bega liliporudi.

Siku hizi kabla ya kupanda gari la kushuka huwa namuuliza dereva ameamka saa ngapi, na mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mwanzoni nilikuwa nauliza kwa kuzungukazunguka. Sasa nauliza moja kwa moja, mbele ya wote, “Shikamoo mzee, samahani, umelala?” Wapo waliokasirika. Mmoja aliniambia niangalie wali wangu. Nikamwambia wali ukiungua tunakula uji. Vifaa vya kundi jingine havipandi kwenye gari letu, na hili viongozi wamelishika pamoja nami. Sanduku la jikoni linafungwa kwa kamba kwenye miguu ya viti, pande mbili.

Na katikati ya mteremko tunasimama, tambarare, dakika chache. Nashuka na chupa ya maji, nachovya vidole, narusha tone moja kwenye ringi ya tairi la nyuma, vile unavyojaribu kikaango kabla ya chapati. Likilia na kuruka, tunakaa. Juzi tulisimama karibu na kwa Bibi. Pale tulipoingilia, machipukizi yameshakuwa migomba yenye mikungu, na masale yameziba pengo. Nikarusha tone. Likakaa pale pale kwenye chuma, duara, halikulia. Kijana wa Karatu alikuwa dirishani ananiangalia. Nikampa ishara, nikapanda, tukaondoka na gia ya pili.